Nimelipa atunzwe, si afungwe

Hivi mtu akipokea hela ya kumtunza mbwa, anadhani kalipwa kufunga kamba? Juzi tulipanda boti Kibirizi kwenda Gombe kuwaona sokwe, siku mbili tu. Mbwa haruhusiwi hifadhini, na hilo sina ubishi nalo: mwaka 1994 distempa, ugonjwa wa mbwa, iliua simba wengi Serengeti. Basi nikamwacha kwa jamaa mmoja hapa Kigoma mjini anayefuga mbwa. Nikalipa mapema, nikaacha unga, dagaa na cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa.

Narudi, namkuta kafungwa kwenye mpapai kwa kamba fupi, hata kulala vizuri hawezi. Shingo imechubuka. Sufuria ya maji imekauka kabisa, na jua la huku mnalijua! Namuuliza jamaa, ananijibu, "Ndugu yangu, si mbwa tu huyo?" Mbwa tu! Na dagaa niliowaacha wamekwenda wapi? Mnyama wa watu alinilalia miguuni akitetemeka, machozi yakanitoka. Kama kazi huiwezi, sema mapema, nirudishie hela yangu nitafute mwingine.