Tezi dume imetolewa, chumbani je?

Baba mdogo alipotolewa tezi dume kwa saratani, alihamishia mto wake kwenye kochi la sebuleni. Alisingizia taarifa ya habari. Mama mdogo akakaa miezi akiamini kuna mwanamke nje.

Wapo wanaosema uhai kwanza. Mzee wa miaka 64 anataka nini tena? Saratani ikiwa kali, siwapingi. Lakini utafiti wa ProtecT wa Uingereza uliwagawa wanaume 1,643 waliogundulika mapema: upasuaji, mionzi, au kufuatiliwa kwa vipimo. Baada ya miaka 15, waliouawa na saratani hiyo hawakuzidi asilimia 4 katika kundi lolote. Chumbani ndiko makundi yalikotofautiana: miezi sita baada ya kuanza, waliokuwa na nguvu za kutosha tendo la ndoa walikuwa asilimia 12 tu kwa waliopangiwa upasuaji, na 52 kwa waliofuatiliwa. Ila kwa hao waliofuatiliwa, saratani ilisambaa mara mbili zaidi. Kwa hiyo hakuna cha bure. Tena hao waliwahi. Kwetu wengi hufika mgongo ukishauma, saratani imeshasambaa, na hapo upasuaji huo kwa kawaida si swali tena.

Wengine huukimbia wakidhani ni kuhasiwa. Sivyo. Korodani hubaki, homoni huendelea. Kinachoumia ni mishipa ya fahamu inayopita ubavuni mwa tezi, ile ambayo daktari Patrick Walsh wa Marekani alianza kuinusuru mwaka 1982. Hata ikinusurika, jogoo huweza kuchukua mwaka au miwili kupanda mtungi, na wengine harudi kama zamani. Kilele bado kinawezekana, ila kikavu, maana shahawa hazitoki tena. Anayetaka mtoto aseme kabla ya kisu. Vidonge vya sildenafili (Viagra) humfaa zaidi ambaye mishipa yake imebaki, na ni hatari kwa anayetumia dawa za moyo ziitwazo nitrati, kwa hiyo si vya kununua kwa machinga.

Mimi naona swali la chumbani ni la kitabibu kama lile la damu, liulizwe kabla mgonjwa hajatia sahihi, mke akiwepo. Baba mdogo hakuulizwa. Na kilichompeleka kwenye kochi, kumbe, hakikuwa jogoo peke yake: akikohoa, mkojo unamtoka. Mama mdogo alipojua, alitandika mpira chini ya shuka, akaufuata mto sebuleni.