Kimya cha Wanafunzi Wangu

Jioni moja, katika darasa la mtandaoni ninalofundisha hesabu za biashara, mama mwenye duka la nafaka mtaani Kayole, Nairobi, aliandika kwamba mauzo yake ya siku ndiyo faida yake. Wenzake wote walisoma. Hakuna aliyejibu. Programu tunayotumia inamtaka kila mwanafunzi apinge hoja ya mwenzake hadharani, na asiyepinga hukosa alama.

Punde simu yangu ikalia. Kijana wa miaka 22 alinitumia ujumbe wa sauti kwa WhatsApp, akinong'ona: "Mwalimu, mama amesahau kutoa bei ya kununulia na nauli ya kubeba magunia. Lakini nitamwambiaje mbele ya watu? Ni kama mamangu."

Hesabu aliielewa barabara. Programu ikampa sufuri. Jambo hilo liliniuma, na mpaka leo linaniuma.

Aliyeiunda programu hiyo alikuwa na mwanafunzi wake akilini: yuko peke yake chumbani, ana meza, na kumkosoa mkubwa hakumpi haya. Mtafiti Mholanzi Geert Hofstede alijaribu kuzipima tofauti hizi: kwenye kipimo cha kutanguliza mtu binafsi mbele ya kundi, Marekani ilipata 91, Afrika Mashariki 27. Mwelekeo wake naukubali. Namba zenyewe nazishika kwa tahadhari. Waliohojiwa walikuwa wafanyakazi wa kampuni ya kompyuta ya IBM, miaka ya 1967 hadi 1973, na Kenya, Tanzania, Ethiopia na Zambia zikatiwa kapu moja. Kijana wa mtaa wa Umoja, Nairobi, na mzee wa Wajir, kaskazini mwa Kenya, hawaenei katika namba moja.

Kamera nayo! Tangu shule zifungwe Machi 2020 kwa sababu ya korona, nimesikia walimu wakiita kamera iliyozimwa utoro. Katika nyumba ya chumba kimoja kule mtaa wa Pipeline, kuiwasha ni kuwaingiza wageni hadi kitandani, mtoto akiwa amelala. Mimi siilazimishi tena.

Sasa nawagawa watatu watatu, wazungumze kwanza, kisha walete jibu moja la sauti. Nilimweka yule kijana na yule mama pamoja. Hakumwambia amekosea. Alimuuliza, "Mama, na nauli tunaiandika wapi?"

Mama akanyamaza kidogo, kisha akaanza upya, polepole: mauzo 4,600, toa 3,700 za kununulia, toa 200 za mkokoteni. "Kumbe ni 700," akasema. "Na mimi nimekuwa nikila mtaji."