Fulana ya Pentagoni

Nimekataliwa kuwa mweka hazina wa maji ya ploti kwa sababu ya fulana. Si wizi. Si madeni, na madeni ninayo, mama wa kibanda atawasomea daftari mkitaka. Fulana!

Maji ya mtaa wetu wa Umoja, Nairobi, hayahitaji maelezo. Ya mfereji huja yakipenda, saa nane za usiku kama mume mlevi, kwa hiyo tunachanga, tunaita lori, na lazima awepo mtu wa kushika pesa. Nikaona wakati umefika wa kuwatumikia watu wangu. Nikavaa koti. Nikajiandalia na maneno: uwazi, uwajibikaji, tangi.

Tulikutana chini ya ngazi, kwenye mitungi. Nilikuwa nimefika kwenye uwajibikaji mama wa orofa ya tatu alipoinua simu.

"Kabla hujaendelea, mheshimiwa."

Siku zote huniita Baba Mercy. Nikajua nimekwisha.

Pichani ni mimi. Mwembamba, nywele bado zipo, nimevaa fulana ya rangi ya chungwa ya kampeni za 2007, nimeshika nusu mkate na pakiti ya maziwa. Kifuani wamechapwa vigogo wa chama cha ODM, ile timu yao iliyoitwa Pentagoni: hayati Raila, Ruto, Mudavadi, Mama Ngilu, Balala, na mwingine aliyefichwa na mkate.

"Tufafanulie uhusiano wako na hawa watu."

Uhusiano? Ile fulana nilirushiwa usoni na kijana aliyekuwa juu ya pikapu, na kabla sijajua ni ya chama gani pikapu ilishaondoka. Uchaguzi ulipokwisha ikawa ya kupigia deki. Nyuso zile zinaijua sakafu yangu kuliko ninavyoijua mimi.

Kijana wa orofa ya kwanza, ambaye 2007 alikuwa hajaanza kutembea, akauliza, "Pentagoni si ile ya jeshi la Marekani?" Akaanza kupekua simu. Vijana hawa hawaachi swali lijifie.

Mwalimu mstaafu wa chini, aliyekuwa amesinzia, akaamka kwa neno Marekani. Huyu mzee ukimtajia Marekani umemtajia Obama. Akasimama, akakohoa, akatueleza kwamba mwaka 2008 Obama mwenyewe alibanwa vivi hivi. Kwanza kwa mahubiri ya mchungaji wake, Jeremiah Wright, hata ikambidi mwezi Machi akatoe hotuba nzima kule Philadelphia. Kisha wakamletea Bill Ayers, mtu wa mtaani kwake Chicago waliyewahi kuketi naye kwenye bodi moja ya hisani, ambaye ujanani alikuwa katika kikundi cha kutega mabomu.

"Na Obama alijibu," mwalimu akasema, akinitazama juu ya miwani. "Alijibu kwa hoja. Akashinda, na sisi huku tukapewa sikukuu tarehe 6 Novemba. Wewe hotuba yako iko wapi?"

Nilikuwa na karatasi ya bei za malori.

"Nimepata!" kijana akapaza sauti. "Hicho kikundi cha Ayers ndicho kilitega bomu Pentagoni! 1972!"

Watu wakaniangalia. Mama wa orofa ya tatu akaikuza ile picha kwa vidole viwili hadi kifua changu kikajaa simu nzima, akaizungusha kila mtu aone.

"Mmesikia wenyewe. Na yeye ameivaa."

Jamani. Kuna siku mtu huomba aulizwe kuhusu madeni. Nikawaambia 1972 mamangu hata hajaolewa. Keyateka, msimamizi wa ploti, akasema hilo litachunguzwa.

Hapo heshima ikanitoka, na koti nikalivua. Nikawauliza, hao wenyewe wa kifuani mmewahi kuwauliza? 2002 Ruto alikuwa na Uhuru. 2007 akawa na Raila, Uhuru akabaki kwa Kibaki. 2013 Uhuru na Ruto wakarudiana, mashati meupe, tai nyekundu, mkono begani kama mapacha. Machi 2018 Uhuru akapeana mkono na Raila pale Harambee House, na 2022 akampigia debe dhidi ya Ruto. Machi 2025 Raila na Ruto wakatia sahihi mkataba pale ukumbi wa KICC, kamera zikimulika. Nani aliwaonyesha picha ya zamani wakaona haya? Hapo tunaambiwa siasa haina adui wa kudumu. Katiba ina Sura ya Sita nzima ya uadilifu wa viongozi, na bado mtu aliyehukumiwa anaweza kugombea mradi rufaa yake haijaisha. Mimi nina rufaa? Mimi nina mkate!

Na kinachoniuma si hiyo hazina. Mimi na shemeji yangu hatusemezani tangu 2017. Kwa ajili ya hao hao! Wao walisalimiana miezi michache tu baadaye, wakanywa chai, na shemeji bado anapita upande ule wa barabara, na ngazi yangu anayo. Matangani tuliketi mkeka mmoja tukapasiana chumvi kupitia mtoto. Hakuna aliyekuja kutupatanisha, hakuna kamera, hakuna mkataba.

Kura zikapigwa kwa mikono. Hazina akapewa yule jamaa wa mkokoteni, anayetuuzia maji kwa mtungi lori lisipokuja. Uhusiano wake na maji haukumsumbua mtu.

Sasa lori halijaja. Sisemi kitu.

Na Agosti 2027 hiyo inakuja, juzi nimerushiwa kofia pale steji. Nilipoinama kuikwepa mvua ikaanza, na mvua ikianza makanga hapandishi nauli, anairusha angani. Nikafika nyumbani nimelowa, stima imeisha, nikanunua tokeni. Tarakimu 20! Aliyeamua mtu mzima asimame gizani akibonyeza tarakimu 20 kwa mwanga wa simu yenye chaji asilimia mbili, huyo ndiye ningependa kujua alikuwa akitembea na akina nani, maana hakufikiria peke yake. Nikakosea moja, ile mashine ikanikatalia. Nikaanza upya. Mercy akasema, "Baba, hiyo ni ya mwezi jana."