Makaburi Chini ya Miembe

Shamba la babu yetu wilayani Urambo hutambulika tangu mbali kwa miembe minne mikubwa. Chini yake walizikwa watu wa ukoo wetu hadi familia ilipohamishiwa kijijini wakati wa Operesheni Vijiji, katika miaka ya 1970. Baadaye tulirudi kulima, lakini kuishi pale hatukurudi. Makaburi tunayoyajua ni tisa. Mawili yana saruji, mengine ni mawe yaliyopangwa tu, ambayo wakati wa mvua hufunikwa na nyasi hata mgeni akapita juu yake bila kujua.

Baba mdogo alipotaka kumuuzia mkulima wa tumbaku ekari 10 za upande huo, hati ya mauziano aliyotuonyesha ilitaja mipaka na bei, na makaburi haikuyataja kabisa. Tulipomuuliza, alijibu kwamba mnunuzi ni muungwana na ameahidi kutoyagusa. Uungwana wake siutilii shaka, lakini ahadi ya mdomo haimfungi mwanawe atakayerithi shamba, na mwenye mabani ya kukaushia tumbaku huitazama miti kwa jicho la kuni. Miembe ikishaanguka, dereva wa trekta ataonaje mawe yaliyomo majanini?

Sheria ya kuhamisha makaburi ya mwaka 1969 inahusu ardhi inayotakiwa kwa manufaa ya umma, na hata humo fidia inagusa gharama za kufukua, kusafirisha na kuzika upya, pamoja na za matambiko. Kwa maneno mengine, Serikali ikitaka eneo lako inatambua kwamba wafu wana haki ya tambiko, ilhali sisi kwa sisi tunauziana mashamba kana kwamba chini hakuna mtu.

Ndugu zangu wa mjini wanaona dawa ni kuchanga fedha za vigae. Vigae hupendeza kwenye picha za simu (na vya wenzetu vimepasuka), ila havithibitishi mpaka. Mimi ningependa eneo lile lipimwe, liondolewe kwenye mauzo na kuombewa hatimiliki ya kimila kwa halmashauri ya kijiji, kama Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inavyoruhusu, na njia ya kulifikia iandikwe pia, kwa kuwa kaburi lililozungukwa na shamba la mtu usiyeruhusiwa kulikanyaga ni kama limeuzwa.

Baba mdogo amekubali kusubiri. Wiki iliyopita tulimpeleka shangazi, ambaye ndiye pekee anayejua jiwe lipi ni la nani, nami nikafuata nyuma na daftari. Kwa makaburi saba alitaja jina bila kusita. La nane alisema ni la mtoto. La tisa alilikuta tangu utoto wake na hakuwahi kuambiwa ni la nani, kwa hiyo tumeandika: mtu wetu.