Makumbusho ya Kusini na matamasha: hela iende kwenye ngoma au kwenye kutunza vitu?

Kila tamasha la utamaduni likiisha huku Mtwara mabishano yanaanza upya. Kuna wanaosema makumbusho ya mikoa yakishakuwa uwanja wa ngoma basi vitu vya ndani vinasahaulika, na kuna wanaosema bila hizo ngoma nusu ya mji isingejua kama hapo pana makumbusho. Mi naona wote wana hoja ya kweli kabisa, ila lipo swali moja gumu ambalo pande zote zinalipita juu juu, nalo ni nani mwenye kauli ya mwisho kitu gani kitoke hadharani.

Nianze na wanaotaka hela iende kwenye kutunza, maana watu huwa wanawadharau. Hewa ya pwani yetu ina joto na unyevu, na vitu vingi tunavyoviita historia yetu ni vya mti, ngozi na nguo. Watu wakisikia kinyago cha Kimakonde wanafikiria mpingo, mti mgumu ambao wadudu wanapata kazi kweli kuutoboa, lakini lipiko, kile kinyago cha kuvaa kichwani kwenye ngoma ya mapiko, kinachongwa kwenye mti mwepesi ili mchezaji aweze kucheza nacho, halafu kinabandikwa nywele za binadamu, chale za usoni zinatengenezwa kwa nta, na vya zamani vingine vina ndonya, lile pambo la mdomo wa juu. Sasa weka kitu kama hicho kwenye chumba chenye bati linalovuja na mchwa ukutani uone, nywele zinanyonyoka, nta inalainika, na aliyekichonga hayupo tena. Tamasha la siku moja linakula hela ya jukwaa, mahema, spika, mafuta ya gari na posho. Mtu akiuliza kwanini hiyo hela isingenunua kabati zuri na dawa ya wadudu, hajakosea.

Upande wa pili nao. Kiukweli makumbusho mengi nchini mtu wa kawaida anayaona ni ya watalii na ya wanafunzi wanaoletwa na mwalimu kwenye basi. Mama muuza samaki wa Mikindani anapita karibu na Boma lile la Wajerumani la 1895, ambalo siku hizi ni hoteli, na hana sababu ya kuingia. Tamasha la MaKuYa, yaani la Wamakonde, Wamakua na Wayao, limefanya kitu ambacho kabati la vioo haliwezi kufanya, limewaleta wapiga ngoma wa vijijini mjini wakaangaliwa na vijana ambao kwao sindimba ni kitu cha kwenye televisheni tu. Songea nako kila Februari wanawakumbuka mashujaa wa Majimaji walionyongwa Februari 27, 1906, na mtoto aliyesimama pale siku ile hahitaji kusomewa maandishi ya ukutani ndio aelewe.

Sasa lile swali. Mapiko asili yake ni mambo ya jando. Zamani mwanamke na mtoto ambaye hajatoka jandoni hawakutakiwa kujua ndani ya kile kinyago kuna mtu, na wengine mpaka leo hawapendi kinyago kivuliwe mbele za watu. Ukikiweka lipiko kwenye kabati na taa juu, umeshakivua. Ukikipeleka jukwaani saa nane mchana mbele ya mgeni rasmi, dakika kumi, "asanteni kikundi kinachofuata", hapo pia kuna kitu umekivunja. Na unyago ndio zaidi, yale anayofundisha kungwi hayakuwekwa kwa ajili ya kamera za simu. Kijana mmoja ataniambia dunia imebadilika, mapiko yanachezwa sokoni na kwenye sherehe za serikali siku nyingi, na ni kweli, wachezaji wengine wenyewe wanataka soko na wana haki ya kula kwa kazi yao. Lakini uamuzi huo ukifanywa ofisini kwa sababu ratiba ina nafasi, hapo mimi siko pamoja nao. Wazee na makungwi wa kijiji husika wakae kwanza, waseme hiki kitoke, hiki kibaki, na wakisema hapana basi iwe hapana hata kama bango limeshachapishwa.

Kijiji cha Makumbusho pale Kijitonyama, Dar, wana utaratibu wa siku za makabila ambapo jamii yenyewe ndio inapanga ionyeshe nini, chakula, ngoma, nyumba, mavazi. Una matatizo yake, ila umiliki unabaki kwa wenye mila.

Kingine, ngoma zimetukaa sana kichwani mpaka tunasahau tukio la makumbusho linaweza kuwa mzee mmoja, viti na kinasa sauti. Nachingwea kuna watu ambao wazazi wao walilima ule mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947 ukafa ndani ya miaka michache, na wengine wanaikumbuka reli ya kwenda Mtwara kabla haijang'olewa. Hao wanazeeka. Jioni moja ya mazungumzo, ikarekodiwa vizuri na nakala ikabaki makumbusho na nyingine kwa familia, hapo umefanya tukio na umetunza kwa mkupuo mmoja, na gharama ni chai na maandazi. Au chukua mifupa ya dinosaria ya Tendaguru huko Lindi, ile iliyochimbwa 1909 mpaka 1913, babu zetu wakaibeba kichwani na mabegani mpaka bandari ya Lindi, leo mjusi yule yuko Berlin na urefu wake kwenda juu unapita mita 13. Hatuna mfupa ule hapa lakini kamba tunayo. Watoto wa Lindi waitandaze mita 13 uwanjani, halafu wasimuliwe nani alibeba. Hiyo programu haihitaji mgeni rasmi.

Kwahiyo mimi niko upande wa matukio, ila madogo, ya mara kwa mara, na kila moja liache kitu stoo, iwe sauti, picha yenye maelezo au kinyago kilichorekebishwa na mchongaji mwenyewe. Tamasha kubwa liwe mara moja baada ya muda na bajeti yake isiguse ya kutunza. Na tarehe jamani. Ukiweka tukio saa nne asubuhi siku ya kazi, wakati watu wako mashambani wanapuliza salfa kwenye mikorosho, watakuja maofisa na wanafunzi tu. Likizo za shule nazo ndio watoto wanapelekwa jando na unyago, kwahiyo wale makungwi na wapiga ngoma unaowataka wako vijijini na kazi yao. Jumamosi baada ya alasiri, nje ya likizo, minada ya korosho ikiwa imeshapita na mtu ana nauli mfukoni, hapo utawapata.