Tatu kwa Moja

Shangazi yangu alikuwa na pakiti tatu za dawa za presha kwenye mkoba wake, na kila moja alikuwa na mapatano nayo. Amlodipini hakuikosa hata siku moja, maana ndiyo aliyoanza nayo. Valsartani aliimeza akikumbuka. Ya tatu, haidroklorothiazidi, yeye akiiita tu "ya mkojo", iliwekwa kando kila alipokuwa na safari, harusi au msiba.

"Shangazi, ya mkojo umemeza?"

"Leo niko safarini, mwanangu. Choo nitakipata wapi?"

Akienda kliniki presha iko juu, basi amlodipini inapandishwa kutoka miligramu 5 hadi 10. Hakuna aliyemuuliza habari za pakiti ya tatu, naye hakusema. Kwa dozi hiyo kubwa ya amlodipini, miguu ikaanza kuvimba.

Baadaye akaandikiwa kidonge kimoja chenye zote tatu. Kwenye pakiti imeandikwa 5/160/12.5, yaani miligramu 5 za amlodipini, 160 za valsartani na 12.5 za haidroklorothiazidi. Nilidhani atafurahi. Akanywea. "Kumbe imefikia huku?" Kwake, dawa ya mchanganyiko hupewa mtu ambaye presha imeshamshinda.

Simlaumu. Wengi tumezoeshwa ngazi ileile: unaanza na dawa moja, isipotosha dozi inaongezwa, ikigoma tena ndipo unapewa ya pili. Kwa hiyo ukisikia "dawa mbili" unajihesabu umefeli mtihani. Mimi ngazi hiyo naiona imepitwa na wakati, na inatupotezea miezi mingi huku mishipa ikiumia kimyakimya.

Presha haina sababu moja. Mishipa imebana, figo zinabakiza chumvi na maji, homoni nazo zinachochea. Ukiziba njia moja, mwili hutafuta nyingine: dawa ya mkojo ikitoa chumvi, figo huamsha homoni zinazobana mishipa, na sehemu ya kazi uliyoifanya inarudi nyuma. Ukiwa na valsartani hapohapo, homoni hizo zinakuta mlango umefungwa. Dawa ya mkojo hushusha potasiamu. Valsartani huelekea kuipandisha. Hizi dawa zinasaidiana kuliko tunavyodhani. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2009, uliokusanya majaribio 42 yenye washiriki karibu 11,000, ulionyesha kwamba kuongeza dawa ya kundi jingine hushusha presha zaidi kwa takribani mara tano kuliko kuongeza maradufu dozi ya dawa ileile.

Soma tena sentensi hiyo, kisha fikiria miguu ya shangazi.

Nchini Sri Lanka walijaribu na watu 700: wengine matibabu ya kawaida, wengine kidonge kimoja chenye dawa tatu, kila moja kwa nusu ya dozi iliyozoeleka. Matokeo yalitolewa mwaka 2018. Baada ya miezi sita, 70 kati ya kila 100 waliopewa kidonge hicho walikuwa wamefikia lengo. Upande wa pili ni 55. Shirika la Afya Duniani liliingiza vidonge vyenye dawa mbili za presha kwa pamoja kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2019, na mwaka 2021 likashauri kwamba wanaohitaji dawa waanze na mchanganyiko, ikiwezekana ndani ya kidonge kimoja.

Kuna kasoro zake. Ukipata madhara, huna njia rahisi ya kujua nani kati ya watatu ndiye mkosaji. Daktari akitaka kugusa dozi ya mmoja, pengine pakiti yenye vipimo hivyo haipo. Na ukiruka siku, umeruka zote. Mjamzito hatakiwi kabisa kutumia valsartani na ndugu zake, kwa hiyo mwanamke anayepanga kuzaa aseme mapema. Mzee dhaifu, au mtu ambaye presha yake imepanda kidogo tu, anaweza kuanza na dawa moja bila shida. Ila jambo linaloniudhi ni lile la mtu kuletewa kidonge kipya akaendelea na pakiti za zamani juu yake, kwa sababu hakuna aliyemwambia ziache. Hapo anameza amlodipini mara mbili.

Pakiti za shangazi tulizikusanya siku hiyohiyo tukazirudisha famasi. Suala la safari alilipeleka mwenyewe kwa daktari, safari hii bila kuficha, akaruhusiwa siku za hivyo ameze akishafika. Amlodipini imerudi 5, na valsartani yenyewe husaidia kupunguza uvimbe ule. Wiki iliyopita nilimkuta amevaa viatu vyake vya kufunika, vile alivyokuwa amempa binti yake. Alimnyang'anya.