Siku 122 dhidi ya 13

Saratani ya titi, mapafu au tezi dume ikihamia kwenye pingili za mgongo na kubana ugwe mgongo, yaani shina la neva lililo ndani ya uti wa mgongo, miguu huanza kuisha nguvu. Hapo mabishano huanza. Kumpasua mtu aliyebakiwa na miezi michache, wengi wanaona, ni kumwongezea mateso. Apewe mionzi, apumzike.

Sikatai kwamba hoja hiyo ina msingi. Upasuaji wa zamani ulikata upinde wa nyuma wa pingili tu, na haukuishinda mionzi. Uvimbe kwa kawaida hukaa mbele, kwenye mwili wa pingili, kwa hiyo daktari aliondoa mfupa usio na ugonjwa na kuacha mbovu, mgongo ukazidi kulegea. Siku hizi huondolewa pingili yenyewe iliyoliwa, nafasi yake ikawekwa silinda ya titani, kisha skrubu na fito hushika pingili za juu na za chini. Mionzi hufuata kidonda kikipona.

Mwaka 2005 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Marekani ulioongozwa na Roy Patchell. Kati ya wagonjwa 101, waliopasuliwa kisha wakapigwa mionzi walitembea baada ya matibabu kwa asilimia 84. Wa mionzi pekee, 57. Ila mimi hurudia namba nyingine. Mgonjwa wa katikati kwenye kundi la upasuaji, yule ambaye nusu ya wenzake walimzidi na nusu hawakumfikia, aliendelea kutembea siku 122. Yule wa mionzi, siku 13. Uhai wenyewe haukupishana hivyo: siku 126 kwa 100. Yaani wote wawili walikuwa na miezi mitatu au minne, lakini mmoja aliitumia kwa miguu yake na mwenzake alikuwa wa kugeuzwa kitandani kabla wiki mbili hazijaisha. Hayo ndiyo mapumziko tunayomwombea?

Wapinzani watasema wagonjwa walichaguliwa, na ni kweli: uvimbe ulibana sehemu moja tu, na mwenye matarajio ya kuishi chini ya miezi mitatu hakuingizwa. Limfoma, saratani ya tezi za limfu, nayo hunywea kwa mionzi, haihitaji kisu. Kidonda kinaweza kuoza, skrubu zikalegea.

Lakini utafiti huohuo uliwaacha nje pia waliopooza kabisa kwa zaidi ya saa 48. Kwa hiyo daktari wa upasuaji aulizwe mgonjwa akiwa bado anajikongoja. Mara nyingi huitwa mkojo ukishaziba, dalili kwamba ugwe umeshaumia sana, halafu akikataa kupasua, tunasema upasuaji haufai.